Matoazi, Ndimu na Kutu ya Kijani

Wenzangu wa mwaka wa pili mnaojiandaa kwenda BTP, kabla ya kuondoka mtaambiwa neno moja mara nyingi: tumieni zana zinazopatikana katika mazingira. Ni kweli kabisa. Ila hakuna atakayewaambia kwamba zana inayofundisha kuliko zote ni ile uliyoiharibu mwenyewe. Yangu mimi ilikuwa krashi ya kwaya ya kanisani kwetu Korogwe. Niliipakia kwenye Coaster, imefungwa ndani ya khanga, nikaipeleka mpaka Handeni kuwaonyesha Kidato cha Tatu kosa langu.

Kwanza tuelewane majina. Biblia ya Kiswahili inasema matoazi. Wapiga dramu wa kwetu wanasema sahani, na kila sahani ina jina lake: haihati ni zile mbili zinazofunikana kwa kukanyaga pedali, krashi ni ile ya kishindo, raidi ni ile kubwa inayogongwa taratibu kushika mwendo. Bendi za shule zina jozi ya kushika mikononi, kila moja ina mkanda wake, unazigonganisha. Zote ni ndugu, na zote zinachafuka kwa namna moja: jasho la vidole, vumbi, moshi, unyevu. Baada ya mwaka mmoja sahani iliyokuwa inakuonyesha uso wako inageuka rangi ya chai ya rangi, na kwenye michirizi yake kunatokea madoa ya kijani.

Sasa kosa. Ilikuwa wiki moja kabla ya Pasaka, kwaya yetu imealikwa Mombo. Mpiga dramu wetu, kaka mmoja fundi seremala pale Manundu, aliniletea krashi nyumbani akasema, "Mdogo wangu, wewe si unasoma kemia? Hebu ifanye ing'ae." Nikajiona profesa. Nilichukua ndimu sita, chumvi, majivu ya jikoni na stilwaya, lile dodoki la chuma la kusugulia masufuria. Nikasugua kwa nguvu zangu zote, nikizungusha mkono ninavyojua mimi. Madoa mawili yalikataa. Basi nikakamulia ndimu juu yake, nikanyunyiza chumvi, nikaianika juani "ikolee", nikaenda kupika.

Niliporudi, sahani ya njano ilikuwa na mabaka ya waridi kama ngozi iliyobabuka. Jina la kampuni lililopigwa chapa juu yake lilikuwa limebaki nusu. Na ukiigeuza kwenye mwanga unaona mikwaruzo imekatiza ile michirizi ya duara kila upande, utafikiri kuku wamepekua.

Kaka aliishika ukingoni, akaigonga kwa kucha. "Inalia," akasema. Halafu akanyamaza. Mwalimu wa kwaya hakunyamaza. Seti ile ilinunuliwa kwa michango, kina mama wameuza vitumbua karibu miaka miwili, na mimi nilikuwa nimekaa nayo saa tatu tu.

Nilirudi chuoni na swali moja: kwa nini waridi? Nilijua asidi ya ndimu inaondoa uchafu wa shaba. Bibi zetu wa pwani wamesafisha masinia na mabuli ya kahawa kwa ndimu na ukwaju tangu zamani, na masinia yao hayakugeuka waridi. Jibu lilikuwa kwenye neno lenyewe, shaba.

Kiswahili chetu kinalibebesha neno hili mizigo mitatu. Waya wa umeme ni shaba. Kufuli la njano ni shaba. Medali ya mshindi wa tatu ni shaba. Lakini wanunuzi wa vyuma chakavu, ambao hawakukaa darasa letu la kemia, wanatofautisha: kopa bei yake, brasi bei yake. Kopa ni metali moja tupu. Brasi ni kopa iliyochanganywa na zinki. Bronzi ni kopa iliyochanganywa na stani, yaani bati lenyewe, si mabati ya kuezekea. Matoazi ya gharama kwa kawaida ni bronzi, na yako ya aina mbili kubwa: yenye stani kama asilimia 20, na yenye stani kama asilimia 8. Sahani zinazokuja na seti za bei nafuu mara nyingi ni brasi. Krashi yetu ilikuwa brasi.

Hapo ndipo waridi inapoeleweka. Zinki ni metali yenye haraka kuliko kopa. Kwenye mpangilio wa utendaji iko juu. Ukiilaza brasi ndani ya asidi na chumvi kwa muda mrefu, zinki ya juu juu inatangulia kutoka, na kinachobaki usoni ni kopa, ambayo rangi yake ni nyekundu. Kwa hiyo yale mabaka hayakuwa uchafu niliouacha. Ilikuwa sahani yenyewe niliyoichuna.

Bibi alikuwa anapaka ndimu, anasugua kwa kitambaa, anasuuza, anakausha, dakika mbili kazi imeisha. Mimi nilitumia dawa yake bila saa yake.

Naeleza sasa namna ya kusafisha, kama nilivyojifunza kwa kuuliza wapiga dramu na kwa kujaribu upya kwenye sahani iliyokwisha kupasuka, ambayo hakuna angenidai.

Anza kwa kuitambua. Brasi ni ya njano kweli kweli, kama bomba la maji au kufuli. Bronzi ina wekundu kwa mbali na kwa kawaida ni nzito zaidi kwa ukubwa uleule. Halafu angalia kama ina vanishi. Sahani nyingi mpya zinatoka kiwandani zimepakwa utando mwembamba unaozuia hewa, na utando huo hauhitaji asidi wala dawa ya kung'arisha. Ukiusugua unautoa kwa vipande, na sahani itachafuka kwa vipande vilevile. Kwa hiyo jaribu kwanza upande wa chini, sehemu ya ukubwa wa shilingi mia. Kitambaa kikitoka cheusi baada ya kupaka dawa kidogo, unagusa metali. Kikitoka kisafi na sahani haibadiliki, simama hapo, tumia sabuni tu.

Itoe kwenye stendi. Usiisugue ikiwa imening'inia, maana unaisukuma upande mmoja na tundu lake la katikati linakwanguana na chuma cha stendi. Itandike juu ya blanketi lililokunjwa. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji ya vyombo, kitambaa laini cha pamba. Fulana iliyochakaa inafaa kuliko kitu chochote cha dukani. Fuata michirizi. Hili ndilo nililolikosea zaidi. Ile michirizi ya duara ilichongwa makusudi kiwandani na ina kazi yake katika mlio. Mkono ukienda nayo, unatoa uchafu uliolala ndani. Mkono ukiikatiza, unausukuma uchafu ndani zaidi na kuchora mistari yako. Stilwaya, msasa na majivu yenye mchanga viache kwa masufuria.

Nusu ya sahani unazoletewa zitatosheka na sabuni. Ambazo hazitatosheka, tumia ndimu au ukwaju uliolowekwa, bila chumvi. Najua chumvi inaharakisha, nimeiona kwa macho yangu. Lakini kloridi ya kwenye chumvi ikijificha kwenye michirizi haikai bure: ikipata unyevu inaanzisha kutu mpya ya kijani, na wiki mbili baadaye unalaumu hali ya hewa. Paka sehemu ndogo, hesabu dakika moja, futa, suuza kwa maji mengi, kausha papo hapo. Kausha na tundu la katikati. Kinachotokea hapo ni somo letu la kawaida la asidi na oksidi ya metali:

CuO + 2H⁺ → Cu²⁺ + H₂O

Ukilisoma fomula hili kwa macho ya mwenye sahani, linasema jambo baya kidogo. Ile Cu²⁺ inayoondoka na maji machafu ilikuwa sehemu ya toazi lako. Kidogo mno, ndiyo, lakini hairudi. Dawa za kopo za kung'arisha ni vilevile, nazo zina chembechembe za kusugua ndani yake, na kwa wino wa chapa hazina huruma. Ukitaka jina la kampuni libaki, pita mbali nalo. Mwenye sahani akija kuiuza, jina ndilo linalozungumza bei.

Kuna jambo nililishangaa: wapiga dramu wengine hawataki kabisa sahani zao zisafishwe. Wanasema ile rangi ya chai inalainisha mlio, inaondoa ukali wa juu. Wengine wanataka ziwake kama kioo, kanisa lina taa na kamera. Mimi naona ni haki ya mpigaji, si ya anayeshika kitambaa. Muulize kwanza. Kaka wa Manundu baadaye aliniambia kwamba aliposema "ifanye ing'ae" alimaanisha nifute zile alama za vidole.

Na usimpelekee fundi mwenye grenda ya kupiga msasa, hata kama anakuahidi dakika tano. Grenda inachemsha. Bronzi yenye stani nyingi hivyo, ikiachwa ipoe yenyewe tu, ni kavu na inavunjika kirahisi. Waundaji huipasha moto na kuitumbukiza ghafla kwenye maji ndipo inakubali kufuliwa. Ustadi huo ni wa miaka mingi. Familia ya Zildjian, Waarmenia wa Istanbul ya Masultani, wanahesabu kazi yao ya matoazi tangu 1623, na jina lenyewe maana yake ni watu wa fundi matoazi. Mwaka 1929 kiwanda chao kilianza upya Marekani. Moto waliouweka kwa hesabu, grenda ya pembeni mwa barabara inaweza kuuharibu mahali pamoja padogo, na hapo ndipo ufa utakapoanzia.

Sasa twende Handeni.

Kutoka Korogwe ni kama kilomita 65, lami tupu, unashuka Chanika. Ila kwa habari ya maji ni nchi nyingine. Sisi Korogwe tuna Mto Pangani unapita mlangoni. Handeni maji ya bomba yanavutwa kutoka mto huohuo, upande wetu wa Korogwe, kwa mradi ambao kila mtu anauita HTM, na yakikatika unanunua kwa ndoo. Nimeandika hapo juu "suuza kwa maji mengi" kama mtu wa Korogwe. Pale shuleni niliposema hivyo, dada mmoja wa dawati la mbele aliniuliza, "Madam, mengi ni ndoo ngapi?" Tukakubaliana mabeseni matatu madogo: la kwanza la kutoa povu, la pili la kutoa asidi, la tatu safi, na maji ya beseni la tatu yanakuwa ya kwanza kwa sahani inayofuata. Inafanya kazi. Kuanzia hapo na nyumbani nafanya hivyo.

Shule ile ilikuwa na jozi ya matoazi ya bendi, na mahafali ya Kidato cha Nne yalikuwa karibu. Mkuu alitaka bendi ipokee wageni. Ukanda wetu huu una historia na mambo hayo: ngoma ya beni, yenye gwaride na ala za kuiga bendi za kizungu, ilianza pwani ya Lamu na Mombasa miaka ya 1890 na Tanga iliipokea mapema. Vijana wale wa beni walishindana pia kwa usafi wa mavazi na vyombo. Kwa hiyo Mkuu kutaka matoazi yawake si jambo la ajabu.

Lakini kabla ya kufika kwenye matoazi nilikuwa nimeshatoa jaribio la darasani, na kwenye jaribio hilo kulikuwa na swali: taja metali mbili zinazoshika kutu. Nilikuwa nimeliuliza kwa Kiingereza, kama tunavyotakiwa. Kijana mmoja aliandika chuma na shaba. Nikaweka mkasi kwenye shaba. Jibu la kitabu ni kwamba "rust" ni ya chuma peke yake.

Siku niliyoleta matoazi ya shule darasani, pamoja na krashi yangu ya aibu, kijana yule alinyoosha mkono. "Madam, ile ya kijani pale ni nini?"

"Ni corrosion," nikasema.

"Kwa Kiswahili?"

Nilifungua mdomo. Kwa Kiswahili ni kutu. Kutu ya kijani. Fundi anasema hivyo, bibi anasema hivyo, mimi mwenyewe nasema hivyo nikiwa nyumbani. Mtoto alifikiri kwa lugha yake, akajibu sawasawa, akatafsiri, akapoteza alama. Darasa zima lilikuwa linanitazama. Nilimwomba alete karatasi yake mbele, nikamrudishia alama ile, kisha tukaandika ubaoni tofauti ya maneno mawili ya Kiingereza ambayo Kiswahili kinayabeba kwa neno moja, ili mtihani wa taifa usimkute tena hapo. Mwalimu wangu wa chuo aliyekuja kunikagua juma lile aliandika kwamba nilipoteza dakika tisa nje ya andalio la somo. Sikubishana naye. Zilikuwa tisa kweli.

Baada ya hapo tukafanya jaribio, na hili naomba mliige, halina gharama. Tafuta vipande vya waya wa kopa kwa fundi umeme na kufuli bovu la brasi. Vizibo vya chupa vinne: maji ya sabuni, maji ya ndimu, maji ya ndimu na chumvi, maji ya majivu yaliyochujwa. Chovya waya uliofubaa katika kila kimoja dakika mbili. Wa ndimu na chumvi utashinda kwa kung'aa, na darasa litashangilia. Usiseme kitu. Waache juu ya dirisha bila kusuuza mpaka kesho yake. Asubuhi, waya ulioshinda jana ndio utakaokuwa na ukijani, na hutahitaji kuhubiri. Kufuli tulilizamisha nusu kwenye ndimu na chumvi usiku mzima; lilitoka na mstari wa waridi katikati ya tumbo, rangi ileile ya krashi yangu. "Kumbe Madam hukulichoma moto," mmoja akasema. Walikuwa wanafikiri nimewaficha.

Matoazi ya shule tuliyasafisha Jumamosi kwa sabuni na mabeseni matatu, ndimu kidogo kwenye madoa tu. Yalitoka vizuri, ya njano tulivu, hayakuwa kioo. Ila usafi ulituonyesha kitu ambacho uchafu ulikuwa umekificha: toazi moja lilikuwa na nyufa tatu nyembamba kama nywele, zinaanzia tunduni pa mkanda.

Yalikuwa yakihifadhiwa kwenye stoo ya michezo, na darini mwa stoo ile wanalala popo. Ukifungua mlango harufu inakukaba. Ile ni amonia, na brasi haiwezani nayo. Jeshi la Waingereza kule India lilipata tabu hiyo zamani: risasi zilizohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi wakati wa mvua zilikutwa maganda yake ya brasi yamepasuka yenyewe. Mwaka 1921 watafiti Moore, Beckinsale na Mallinson walieleza sababu, kwamba ni amonia ya mkojo wa farasi ikikutana na mkazo uliobaki ndani ya metali tangu ilipokunjwa kiwandani. Toazi nalo limefuliwa, lina mkazo wake. Siwezi kuapa kwamba ni popo waliolipasua; huenda ni miaka ya kugonganishwa na watoto wenye nguvu. Lakini niliomba matoazi yahamie ofisini, na Mkuu akakubali yakae juu ya kabati lake, kwenye mfuko wa kitambaa. Si wa nailoni, maana nailoni inafungia unyevu. Kwa sababu hiyohiyo nusa dawa ya kopo kabla ya kuipaka kwenye brasi. Baadhi zina amonia.

Nyufa hazisafishwi. Wengine hutoboa tundu dogo mwisho wa ufa ili usiendelee, lakini hiyo ni kazi ya fundi mwenye mkono, na mwenye toazi lazima ajue kwamba ananunua muda tu. Tuliamua toazi lile ligongwe kwa ukingo ulio mbali na nyufa, taratibu. Siku ya mahafali lililia vizuri. Wageni wa mbele waliliona linang'aa, na kijana wa kutu ya kijani ndiye alikuwa amelishika, ingawa alikuwa akiangalia nyufa kila baada ya pigo badala ya kumwangalia kiongozi wa bendi.

Krashi nimeirudisha Korogwe. Kaka hakutaka niisugue tena kuondoa mabaka. Ameifunga mahali pake, upande wa kulia, waridi zikiwa zimeshaanza kufifia kuelekea rangi ya chai. Pembeni ya stendi ametundika kipande cha fulana, na baada ya kila ibada anafuta sahani zote nne, akifuata michirizi, akizishika ukingoni. Jumapili iliyopita nilipomsogelea nimsaidie alinipa haihati. Krashi alifuta mwenyewe.